Neno "Uzee" Katika Daftari Letu

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na vitenge viwili, na ofisa mmoja aliyenifahamu kwa muda wa chai na maandazi akasimama kusema nimetumikia kwa moyo. Saa imeshasimama. Vitenge nimempa mdogo wangu. Maneno ya ofisa sijui yako wapi. Kitu pekee cha maana nilichokisikia siku ile ni swali la muuguzi wetu mpya, aliyenivuta pembeni akaniuliza, "Bi Somoe, hivi mzee akija na shida ya kusahau, tunaandikaje?"

Jibu fupi ni kwamba msiandike "uzee". Jibu refu ndilo hili, na nalianzia mbali kwa sababu mwenyewe nilichukua muda mrefu kulijua.

Zahanati yetu mnaijua, ndani kidogo ukitokea Miteja, imezungukwa na mikorosho ya watu. Mimi niliingia pale kwa mlango wa wagonjwa. Baba alikufa kwanza, mama akamfuata baada ya misimu miwili ya korosho, nami nikaacha shule darasa la sita kwa sababu nyuma yangu walikuwepo wanne na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kimo cha kuinjika sufuria. Wakubwa wa ukoo walikaa kikao kirefu juu yetu. Walikula, wakanawa, wakatawanyika. Wale wanne niliwalea mimi. Sisemi hivyo ili nipewe pole. Nasema mjue kwamba anayewaandikia hana cheti, na mengi nitakayowadharau hapa yalifanywa na wenye vyeti.

Mdogo wangu Zainabu alijikata na jembe mguuni. Nikamfunga kwa kipande cha kanga iliyochemshwa, nikambadilishia kila asubuhi, na kidonda kilipokataa kukauka nikambeba mgongoni hadi zahanati. Aliyekaa chumba cha vidonda alikuwa Bwana Ligomba. Siku zile aliitwa dresa, yaani mfunga vidonda, na koti lake jeupe lilikuwa na vifungo viwili tu.

"Hiki tangu lini?" akauliza, kabla hata ya kukigusa.

"Siku nyingi kidogo."

"Siku nyingi kidogo ndiyo siku gani? Alhamisi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Leo ya tisa."

"Mbona umechelewa kukileta?"

Nikamwambia sikuwa na wa kumwachia wengine. Hakunionea huruma, wala hakugomba. Alifungua kile kitambaa taratibu, akakigeuza, akakitazama kuliko alivyotazama kidonda.

"Amefunga nani?"

"Mimi."

"Umefundishwa na nani?"

"Sikufundishwa."

"Ndiyo maana umefunga vizuri. Hawa waliofundishwa hufunga kama wanafunga mzigo wa kuni." Kisha akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia ukoo wa baba, akaweka koleo chini, akacheka. "Kumbe mali yangu. Ukoo wenu mna vichwa vikubwa, sijui mmeweka nini ndani."

Nami nilishafunzwa na baba jinsi ya kumjibu mtani. "Na wa kwenu mna midomo mikubwa, ndiyo maana umepewa kazi ya kufungafunga."

"Kesho njoo ufagie," akasema.

Kwa wale mliotoka mikoa mingine, utani wa huku ni kazi. Ukoo na ukoo wakiwa watani, mmoja akifiwa ni watani wanaopika, wanaochota maji, na wanaowachekesha waliofiwa ili wasife kwa huzuni. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akabeba kuku, akakuita mwizi huku yeye ndiye kambeba, na ukikasirika wewe ndiye mwenye aibu. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Nilifagia. Baadaye nikafundishwa kuchemsha vyombo juu ya jiko la mafuta ya taa, kufua bandeji na kuzikunja zikiwa bado na unyevu ili zisikakamae, kupima presha kwa ile mashine ya kusukuma kwa mkono ambayo mpira wake ulizibwa kwa plasta mahali pawili. Tulipokuwa na upungufu wa watu, na sikumbuki wakati ambapo hatukuwa nao, nilikaa pia mezani kuandika daftari la wagonjwa: jina, umri, anachosumbuliwa nacho, ugonjwa, dawa. Ligomba hakuwa na nadharia nyingi. Alikuwa na swali moja, tangu lini, na aliliuliza kwa kila kitu, hata muhogo ukiwa mchungu. Alisema ugonjwa una siku yake ya kuanza, na kama mgonjwa haijui, kuna mtu nyumbani kwake anayeijua, kamtafute.

Basi nikaanza kuona jinsi neno "uzee" linavyofanya kazi pale kwenye safu ya ugonjwa. Tabibu mmoja, ambaye jina lake halina faida kwenu, alikuwa akiona mvi mlangoni anaanza kuandika kabla mwenye mvi hajakaa. Magoti, uzee. Haoni, uzee. Anaongea peke yake, uzee. Nilimuuliza siku moja uzee unatibiwa kwa dawa gani, maana safu ya mwisho alikuwa anaandika panado. Akasema nikapige deki.

Sasa nyumbani nako kulikuwa na ujinga wake. Bi Mwanahawa aliletwa na mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, ambaye alikuja amejiandaa kama shahidi.

"Bibi ameharibika akili," mkwe akasema. "Anasahau kila kitu. Juzi tumetafuta ufunguo mpaka jua linazama."

"Ulipatikana?"

"Ulikuwa kwenye pindo la kanga yake mwenyewe."

"Alipouona alisemaje?"

"Alicheka. Akasema aliufunga pale alipokwenda kisimani."

"Kwa hiyo alikumbuka."

"Alikumbuka baadaye. Na akimwita mjukuu anaita majina manne ndipo afike kwa anayemtaka."

Bi Mwanahawa, aliyekuwa kimya akitafuna ubani, akasema, "Nina wajukuu kumi na saba. Mnawapa majina yanayofanana kama vikombe, halafu mnanilaumu mimi."

Nikamuuliza muhogo wa ugali umefikia wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda mdomoni. Akaniambia ameshaloweka juzi, utatoka majini kesho asubuhi, utaanikwa juu ya bati la upande wa jikoni kwa sababu upande wa pili kuku wa mkwe wake wanapanda, na kwamba mkwe huyo huyo alitaka kuutoa jana ungali mgumu. Akaongeza kwamba mwenye akili mbovu katika nyumba ile alishamjua, ila hakuja kumshtaki.

Huo ndio uzee, na hauna haja ya kuandikwa. Jina linachelewa, kisha linakuja lenyewe ukiwa umeshalala. Kitu kinawekwa mahali, kinatafutwa, kinapatikana, na mwenyewe anajicheka. Hadithi inarudiwa, lakini kwa mtu mwingine. Miguu inapungua mwendo na kichwa nacho kinapungua mwendo, ila njia ya nyumbani wanaijua vyote viwili. Mwenye ugonjwa ni mwingine. Huyo anauona ufunguo mkononi na hajui ni wa nini. Anaacha muhogo majini mpaka uoze, na ukimwambia anakataa kwamba aliuloweka. Anauliza, unajibu, na kabla hujanyamaza anauliza tena. Anapotea kwenye njia aliyoipita tangu hajaota meno. Aliyekuwa mpole anakuwa mkali, aliyekuwa na haya anavua nguo mbele ya wakwe. Na mara nyingi yeye mwenyewe hana malalamiko. Wanaolalamika ni waliomzunguka.

Kuna na la tatu, ambalo ndilo linaloua upesi. Mzee Bakari aliletwa akiwa anaona wadudu ukutani na kumwita mwanawe kwa jina la mjomba aliyekufa zamani. Wanawe walikuwa wameshampitisha kwa mganga, akafukiziwa, akachanjwa kifuani. "Ni uzee huo, dada," mmoja akaniambia, "tumekuja ili tu ionekane tumemleta." Nikauliza tangu lini.

"Tangu Jumanne."

"Jumatatu alikuwaje?"

"Jumatatu? Jumatatu alikwenda shamba."

Uzee hauingii Jumanne. Mtu aliyekwenda shamba Jumatatu, kisha Alhamisi hamjui mwanawe, ana kitu mwilini: malaria, sukari, maji yamemwishia, mkojo umeziba, au vidonge alivyopewa na jirani. Bakari mkojo ulikuwa umeziba. Aliwekewa mpira hospitali ya wilaya, akatibiwa, na baada ya wiki alirudi nyumbani akiwauliza wanawe ni nani aliyemchanja kifua bila ruhusa yake.

Halafu zikaja semina. Mwezeshaji mmoja kutoka Dar alikuja kijijini kwetu na fomu ya kupima akili za wazee. Walioitwa walikaa kwenye benchi, Bi Mwanahawa akiwa wa kwanza. Akaulizwa leo tarehe ngapi. Hakujua. Akaambiwa achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Alishika kalamu kama anashika mkia wa panya. Akaambiwa atoe saba katika mia, kisha saba tena, na saba tena. Akauliza hizo saba zinapelekwa wapi. Mwezeshaji akajumlisha, akatikisa kichwa, akasema hali yake ni mbaya.

"Mwanangu," Bi Mwanahawa akamwambia, "na wewe nikuulize. Leo mwezi wa ngapi?"

Akatazama simu, akamjibu.

"Nakuuliza mwezi huu unaoandama, siyo huo wa kwenye simu. Umebakiza siku ngapi kufika mfungo?"

Hakujua.

"Basi muandike na huyu," akaniambia, "na yeye hali yake ni mbaya."

Fomu ile si mbaya kwa mtu aliyekuwa karani. Lakini mtu hupimwa kwa vitu alivyokuwa anaviweza yeye. Mvuvi muulize maji yanajaa lini, fundi cherehani mpe sindano atunge, mama wa nyumbani akupikie kwa maneno. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa miaka mitatu nyuma, wala si na mtoto wa mwezeshaji. Haya nilikuwa nayajua, na nilikuwa nayasema kwa sauti, na nilijiona hodari sana kwa kuyajua. Sasa nifike kwa Ligomba.

Alistaafu miaka mingi kabla yangu. Mkewe alipofariki akahamia kwa dada yake, Bi Fatu, nyumba mbili kutoka kwa Hamisi, mwana wa Ligomba. Mikono ilipokosa vidonda vya kufunga, kazi yake ikawa utani. Hapakuwa na msiba ambao Ligomba alihusika nao kwa utani asije amejifunga kanga ya kike na kifuu cha nazi kichwani, akalala mbele ya jeneza akisema hapiti mtu mpaka marehemu amrudishie jembe lake. Watu waliofiwa walikuwa wanamsubiri. Nimeona mjane wa siku moja akicheka mpaka akakaa chini, na hiyo ni dawa ambayo zahanati haina.

Akaanza kubeba vitu. Sufuria yangu, kuku wa huyu, ndoo ya yule. Tukacheka. Katika msiba mmoja alisema mzaha ule ule mara tatu, kwa watu wale wale, kwa maneno yale yale. Tukacheka mara tatu. Siku moja nilimkuta kwenye njia panda ya kisima amesimama, ananiuliza njia ya kwenda kwao ni ipi. Nikamwambia watani wangu wote wamepotea tangu walipozaliwa, nikamwonyesha kinyume kwa utani, naye akaifuata. Niliona anakwenda. Nikasema huyu Ligomba hachoki.

Kisha Bi Fatu akamleta zahanati. Tabibu alikuwa amesafiri kikazi, mezani nilikaa mimi.

"Somoe, kaka yangu anapotea," akasema. "Anapotea akiwa ndani ya nyumba. Juzi ameniuliza mimi ni nani na nimefuata nini kwake."

Ligomba akanitazama. "Wewe binti wa nani?"

"Mali yako, mtani," nikasema, nikicheka.

"Hatanii," Bi Fatu akasema.

"Bi Fatu, kaka yako hajawahi kusema neno la kweli tangu azaliwe."

"Nimekwambia hatanii, Somoe. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja."

Nikapima presha, ikawa juu kidogo, nikamwambia apunguze chumvi. Nikaandika daftarini, nikampa vidonge vya magoti, wakaondoka. Sikuuliza tangu lini. Kwa mtu aliyenifundisha swali lile, sikuliuliza.

Baada ya mwaka na miezi kadhaa Bi Fatu akafa. Alianguka asubuhi akichambua mchicha, hakuamka. Ukoo ule ukifiwa, watani ni sisi, kwa hiyo kesho yake nilikuwa jikoni tangu alfajiri, na utani wote wa siku ile ulikuwa kazi ya ukoo wangu. Jeneza lilipotolewa nje, Ligomba akatokea nyuma ya nyumba. Alikuwa amejifunga kanga ya kike. Kifuu kichwani. Akalala chini mbele ya jeneza.

"Hapiti mtu hapa," akasema, "mpaka mniambie mnamzika nani."

Baadhi wakacheka, kwa mazoea. Mimi pia nilicheka kidogo kabla mdomo haujafungika. Maana mfiwa hafanyi utani kwenye msiba wake. Kazi ile siku ile ilikuwa yangu. Alikuwa anamtania mtu asiyemjua, na aliyekuwa ndani ya jeneza alikuwa dada yake, wa tumbo moja.

Hamisi akamshika mkono amwinue. "Baba, inuka. Ni shangazi."

"Niachie, mtani," Ligomba akamwambia mwanawe.

Wakamwinua, jeneza likapita. Kabla waliokwenda makaburini hawajarudi, jikoni walikuwa wameshapata maelezo. Anacheka maiti ya dada yake. Mbona Bi Fatu hakuugua hata siku moja? Walikuwa wanaishi wawili tu. Sitawaandikia yote, maana waliosema wengi ni wateja wenu.

Siku ya tatu ya matanga, Hamisi akatangaza mbele ya ukoo kwamba mnyoaji yuko kijiji cha pili na Jumamosi atafika. Mnaowajua wanyoaji hawa wanaozunguka huku hamhitaji maelezo. Msiowajua: mtu anayedaiwa mchawi anakalishwa hadharani, ananyolewa kichwa, anachanjwa, ananyweshwa dawa, kisha anaambiwa ametakaswa. Baada ya hapo hakuna anayekaa naye benchi moja. Hakuna anayepokea maji kutoka mkononi mwake. Namjua mmoja aliyenyolewa nikiwa bado msichana. Alihamia kibanda cha shambani peke yake, na akili zake zilikuwa timamu. Ligomba hakuwa anajua njia ya kisima. Peke yake angekaa siku mbili.

Nikaomba kusema. Mzee Mtopa, mkubwa wa ukoo ule, akasema watani wana ruhusa ya kusema upuuzi wowote, niseme.

"Nauliza swali moja," nikasema. "Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu majuzi, shangazi alipokufa," Hamisi akasema.

"Mimi alibeba sufuria yangu msimu wa korosho wa mwaka juzi. Imamu, wewe alikuchukulia nini?"

"Ndoo ya kutawadhia ya msikiti," imamu akasema. "Kabla ya mfungo wa mwaka juzi."

"Wewe ni mtani wake?"

"Hapana. Nilidhani anamtania muadhini."

"Mimi?" muadhini akasema. "Mimi natoka Songo Songo. Sina mtani huku, ndiyo maana nakula vizuri."

Watu wakaguna. Kisha mwenye shamba jirani akasema alimkuta anaokota korosho chini ya mikorosho isiyo yake, akamwambia mtani unaiba, wakacheka wote wawili, na sasa akifikiri, yeye na Ligomba si watani. Mama mmoja akasema alimkuta chumbani kwake amelala, akidai ni kwake. Kila mmoja alikuwa na lake, na kila mmoja alidhani utani ni wa mwingine. Tukayapanga kwa misimu. Yalirudi nyuma miaka mitatu, machache mwanzoni, mengi mwishoni.

"Kama ni uchawi wa kumuua Bi Fatu," nikasema, "mbona ulianzia kwenye ndoo ya msikiti?"

Hamisi hakucheka. Alikuwa na macho mekundu ya siku tatu. "Na ninyi wa zahanati mlikuwa wapi? Shangazi alimleta kwenu. Aliniambia. Alisema Somoe amempima, hana ugonjwa."

Daftari nilikuwa nimelibeba ndani ya kanga. Mnajua haliruhusiwi kutoka. Nililitoa, na sasa mmejua. Nililifungua palipokuwa na alama nikawasomea. Jina: Athumani Ligomba. Anachosumbuliwa nacho: anasahau, anapotea, hamtambui dada yake. Dawa: vidonge vya magoti.

"Umeruka," Mzee Mtopa akasema. "Ugonjwa?"

"Uzee."

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Mzee Mtopa ndiye aliyesema, taratibu, "Basi mtani wetu amekuja na wembe wake, amejinyoa mwenyewe." Wachache wakacheka, kisha wengi. Hamisi akafuta uso kwa kofia yake, akaniuliza gari la kwenda hospitali ya wilaya linapita saa ngapi.

Daktari wa kule alikuwa kijana. Jambo la kwanza alilomuuliza Hamisi ni tangu lini, nikajua tumefika kwa mtu. Alipima damu, sukari, presha, akatafuta kila kinachoweza kutibika, akapata presha ya miaka mingi iliyokuwa inamla pole pole. Akatuambia ukweli bila kuupaka asali: ni ugonjwa wa ubongo, akili iliyopotea hairudi, presha ikitulizwa huenda ukaenda polepole. Angeanza dawa ya presha mapema, ingemfaa zaidi. Hakuniangalia aliposema hivyo, kwa sababu hakujua. Hamisi aliniangalia, kisha akatazama dirishani.

Jumamosi mnyoaji alifika, akakuta watu wake hawapo, akaenda kunyoa kwingine. Huko kwingine sikufika. Siwezi kujidai nimewamaliza.

Ligomba anaishi kwa Hamisi. Uzio umezungushwa, njia ya chooni imewekwa kamba ya kushika, anavaa nguo zile zile ili azijue, na haambiwi "si nilishakwambia". Akiuliza Bi Fatu yuko wapi anaambiwa ametoka, maana siku walipomwambia amekufa alilia kama anasikia mara ya kwanza, na kesho yake akauliza tena. Zainabu, yule wa mguu, sasa ni mwalimu, ana nyumba Mitwero na anataka nihamie kwake nipumzike. Nimemwambia Ijumaa nina kazi.

Kila Ijumaa baada ya swala nakwenda na bandeji safi. Hanijui. Ananiita mama, ananiita mwalimu, siku moja aliniita askari. Lakini nikimpa bandeji na mkono wangu, vidole vyake vinajua. Anaanzia kwenye kiganja, anapanda, anakunja kila mzunguko juu ya nusu ya ule wa chini, hakazi, halegezi. Hakuna kati yenu anayefunga hivyo, na wenye vyeti mmo.

Ijumaa iliyopita alipomaliza aliushika mkono wangu mzima usio na kidonda, akaugeuza kwenye mwanga.

"Hiki tangu lini?" akauliza.

Nikahesabu tangu siku ile ya daftari. "Mwaka wa tatu sasa."

Akatikisa kichwa.

"Mbona umechelewa kukileta?"